Mwanangu, Rudi Kwenye Ngoma

Kwako mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Kisesa hatujambo, baba yako yuko shambani na bibi yako anakusalimu sana.

Umeniambia mgongo unakusumbua kwa kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, na kwamba jimu uliyolipia umeshaichoka. Sikushangaa. Kukimbia kwenye mashine huku unatazama ukuta kunahitaji moyo. Lakini ukagusia kwamba hapo chuoni kuna kikundi cha ngoma kinachotafuta wachezaji, na wewe unaona aibu. Aibu ya nini, wewe mtoto wa Usukumani?

Hebu mkumbuke mchezaji wa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Anainama kuanzia nyonga, magoti yamekunjwa, jembe mkononi kama yuko kwenye tuta. Ngoma ikibadilika anainuka, analirusha jembe juu, linazunguka, analidaka, na mguu umeshaondoka kufuata mdundo. Akimaliza, mapaja na kiuno vimepanda na kushuka mara nyingi kuliko ambavyo mwalimu wa jimu angethubutu kukuagiza, naye hakuhesabu hata mara moja. Bagika na Bagalu, yale makundi yetu mawili ya ngoma yenye upinzani, wanaposhindana pale Bujora, kwenye Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma ya mwezi Juni, kila upande unataka kuvuta watu wengi zaidi. Nani atakumbuka kuchoka?

Na hilo jembe lina kazi nyingine. Mwili hujua umesimamaje kwa kutumia macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye misuli, viungo na nyayo. Jembe likienda juu, macho na kichwa vinalifuata, kwa hiyo ardhi huioni tena. Mzigo wa kukusimamisha unabaki kwa sikio na vifundo vya miguu. Ndiyo maana anayeanza huyumba. Akirudiarudia, ubongo unazoea kurekebisha mapema. Bibi yako amecheza tangu usichana, na mpaka leo anaosha miguu bombani akiwa amesimama kwa mguu mmoja, hashiki ukuta. Mimi nashika.

Kuhusu pumzi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kikundi kikikutana mara mbili, saa moja na nusu kila mara, umepata 180 na chenji inabaki. Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kuzungumza lakini wimbo unakukatikia njiani, moyo unafanya kazi inavyotakiwa. Sasa fikiria wanaoimba na kucheza kwa pamoja, mapafu yao yakoje.

Kunyumbuka ndiko kunakochelewa, na hapo nakuomba usiwe na haraka. Hizo video za kupasua msamba ziache kwenye simu. Kukaa sana kwenye kiti hukaza misuli ya mbele ya nyonga, na hatua za kupeleka mguu nyuma ndizo zinazoivuta taratibu. Anza polepole mpaka jasho lianze kutoka, kisha ndipo ucheze kwa nguvu. Kujinyoosha kwa muda mrefu kuache mwishoni, mwili ukiwa bado una joto. Kama mnafanyia mazoezi kwenye sakafu ya zege, vaa raba. Peku ni kwa uwanja wa udongo. Goti likichoma, pumzika siku hiyo, usijikaze kwa sababu wenzako wanatazama. Na huo mgongo, kama maumivu yanashuka hadi mguuni au mguu unakufa ganzi, nenda hospitali kwanza, ngoma itakusubiri.

Juni ukifunga chuo, njoo moja kwa moja, usipitie kwa shangazi yako wiki nzima kama mwaka jana. Nauli nitakutumia kwa simu. Majembe ya kuchezea yapo, ila mipini miwili imelegea, baba yako anasema atairekebisha.

Mama yako