Simu isiyouliza mnara ni wa nani

Mhariri,

Juzi nikingoja feri Likoni, simu yangu ilishuka ghafla kutoka mtandao wa 4G hadi ule wa kizazi cha zamani, 2G. Pengine ni msongamano tu wa abiria. Lakini kwenye 2G mnara wa simu huikagua laini yako, ilhali simu haiukagui mnara. Tapeli mwenye mtambo mdogo anaweza kujifanya mnara, akakutumia ujumbe kwa jina la benki yako! Kuanzia 3G, pande zote mbili huthibitishana.

Android 12, toleo la mwaka 2021 la mfumo unaoendesha simu nyingi za kisasa, ilileta swichi ya kuzima 2G katika baadhi ya simu. Itafute kwenye mipangilio. Mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi za wazee wetu, hazina swichi hiyo. Kampuni za simu zinawalindaje?

Msomaji,
Likoni, Mombasa