Aika sana (asante sana kwa Kichaga), Mwalimu

Masika yalipokula ukingo wa kihamba (shamba la nyumbani) cha mama hapa Kibosho, Kilimanjaro, migomba sita ilikwenda na maji. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hapendi jina lake litajwe, alisikia, akaja Jumamosi asubuhi na jembe begani. Alipima mteremko kwa fremu ya miti mitatu na jiwe linaloning'inia kwenye kamba, akatuonyesha pa kuchimba makingamaji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo, udongo uliochimbwa ukitupwa upande wa juu. Alichimba nasi hadi saa nane. Wiki iliyofuata akaleta matete ya kupanda ukingoni, mizizi ameifunga kwa maganda ya mgomba isikauke. Hata nauli alikataa.

Mwalimu, mvua imerudi na udongo umebaki. Mwenye matete ya ziada ampelekee, bado anasaidia majirani wawili.