Kabla hujakodisha majaruba yako

Mkindo, Mvomero

Mpendwa rafiki yangu Mama Tumaini,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu huko Ubaruku. Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga, kimemaliza majaruba yako mawili, na kwamba sasa unataka kukodisha shamba lote, sijapata usingizi mzuri. Nakuomba usikodishe kwanza, nisikilize.

Kimyanga si laana wala si udongo kuchoka. Ni kirusi, na watafiti walikitambua kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Kinaenezwa na mbawakawa, lakini hata mikono yetu, mundu na ng'ombe wanaokatiza shambani hukibeba. Kwenye mbegu hakipiti. Sasa fikiria yale maotea, mpunga unaojiotea wenyewe, tunayoyaacha baada ya kuvuna: humo ndimo kinamosubiri msimu. Yang'oe yote, na kitalu cha safari hii ukiweke mbali na majaruba yaliyougua.

Najua unaogopa kwamba wataalamu watakunyang'anya mbegu yako ya Supa inayonukia. Mbegu ya SARO 5 iliyotoka kituo cha utafiti cha Dakawa mwaka 2002 inazaa sana, nami nailima, lakini ukweli ni kwamba harufu yake haiifikii Supa. Ila hebu ona: watafiti walipotafuta mpunga unaostahimili kimyanga, waliupata kwenye Gigante, mbegu ya Msumbiji, na kwenye mpunga wa asili wa Afrika Magharibi. Mbegu za wakulima kama sisi! Kwa hiyo Supa yako itunze. Cha kubadili ni namna ya kupanda.

Namna hiyo ni kilimo shadidi, yaani kupandikiza miche michanga mmoja mmoja kwa nafasi, bila kufurisha jaruba wakati wote. Kilianzia Madagaska miaka ya 1980, kwa padri Henri de Laulanié. Hapa Mkindo watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walikijaribu majarubani, tukaona kwa macho. Mwaka juzi nikatenga robo ekari. Nilichukua ndoo ya maji, nikatia chumvi huku nakoroga mpaka yai likaelea, kipande cha ganda kikachungulia juu. Nikamwaga mbegu. Zilizoelea nikawapa kuku, zilizozama nikaziosha vizuri na maji safi, nikaloweka. Siku ya kumi miche ina majani mawili tu, mbegu bado imeng'ang'ania mizizi, nikaipandikiza mmoja mmoja kwa kamba, sentimita 25 kila upande. Mama mkwe alisimama kwenye tuta akasema nimepanda nywele. Wiki ya kwanza hata mimi niliogopa, jaruba lilionekana tupu kabisa.

Baadaye nilichuchumaa nikahesabu shina moja: machipukizi 38. Kwenye jaruba la jirani, walikopanda miche mitatu minne ya mwezi mzima kwa kila shimo, sikupata hata 15.

Maji ndiyo yatakayokufaa zaidi, kwa sababu nyie mnaotegemea mto Ruaha zamu ya maji inagombewa. Shadidi haitaki jaruba lifurike wakati wote. Unaingiza maji, unaacha yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa ndogo, ndipo unaingiza tena. Zamu ikichelewa siku mbili, humlilii mtu. Mpunga ukianza kuchanua, hapo usiuache ukauke.

Ugumu upo, sitakuficha. Jaruba lisilofurika linaota magugu haraka sana. Siku ya kumi baada ya kupandikiza lazima uingie na palizi ya kusukuma, kile kifaa cha mkono cha kupalilia, na urudie. Na shamba lisiposawazishwa vizuri, miche midogo inazama upande mmoja na kukauka upande mwingine. Usikubali kupanda kabla hujasawazisha.

Anza na robo ekari tu, iliyo karibu na mfereji. Nitakuja wiki ya kupandikiza, nalala kwako, na palizi yangu nakuja nayo. Wewe andaa kamba na chumvi ya kutosha. Yai liwe bichi la siku hiyohiyo, maana viza huelea hata kwenye maji matupu.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Zawadi