Usiisugue ile ya njano

Mwanza, Jumapili jioni

Magesa ndugu yangu,

Salamu kwa shemeji na watoto. Huku wazima, mvua tu. Nakuandikia mbiombio kwa sababu umesema unazisugua sarafu za marehemu babu kwa limau na jivu, halafu Bahati azipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Acha kabisa! Limau linakula ule weusi wa miaka mingi, shaba inabaki na wekundu mbichi, na mkusanyaji wa sarafu akiiona anakurudishia. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba.

Zile ulizosema zimekataa sumaku si bandia. Shilingi ya 1966 ni shaba na nikeli, nikeli ni kama robo tu, na mchanganyiko huo hauvutwi. Shilingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 ni chuma kilichovikwa nikeli, ndiyo maana zinanasa. Chuma ni cha bei rahisi kuliko shaba. Hata Waingereza walikihamia kwa peni yao mwaka 1992. Ugonjwa wake huanzia ukingoni: ganda likilika, kutu inapenya chini yake na nikeli inabanduka. Hizo mpe Bahati, zimuishie.

Ukikuta senti ya tundu, nyepesi ajabu, ya 1907 au 1908, hiyo ni alumini ya Waingereza wa Kenya na Uganda. Joto na unyevu viliila, mwaka 1909 wakageukia shaba na nikeli. Madoa meupe ya unga yasikutishe.

Lakini inayoninyima usingizi ni ile ya njano uliyosema ina sura mbaya. Mwaka 1916 vita vilikuwa vimewakatia Wajerumani njia ya bahari, wakapiga sarafu zao ndogo, heller 5 na 20, kwenye karakana ya reli Tabora, kwa maganda ya mizinga na mabaki mengine. Zilitoka hovyohovyo, sasa zinatafutwa. Bahati akiipima kwa kilo, mimi na yeye basi!

Je, ina taji, herufi D.O.A. (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na T ndogo ya Tabora? Limau limeshaigusa? Umezitia kwenye plastiki laini? Zitoe, zitaota ute wa kijani. Tumia bahasha za karatasi. Na Mzee Kaswamila kasemaje kuhusu mtumbwi, analipa au bado anakohoa tu?

Wako,
Masanja