Mwamba mtupu mwaka mmoja haitoshi kusema bahari imekufa

Mhariri, salamu kwanza. Nimesoma ile barua ya msomaji mwenzangu aliyesema mwaka huu miamba imebaki mitupu, vile vidudu vya gamba jeupe vinavyoganda mwambani na kutukata miguu (Kiingereza barnacles) havionekani, eti bahari ishakufa. Jamani taratibu. Mi nimekulia kwenye vyombo, babu alikuwa anavikwangua chini ya mashua kabla ya kupaka deheni, kuna mwaka anakwangua mpaka mkono unavimba na kuna mwaka hakuti kitu, na sikuwahi kumsikia akiizika bahari.

Halafu tuelewane, vile sio chaza, ni ndugu zake kamba na kaa. Wakubwa wanaachia watoto majini, watoto wanaelea wiki kadhaa, na wakifika hatua ya mwisho hawali tena, kazi ni moja tu kutafuta pa kutua, akipata anajigandisha kichwa chini miguu juu ndo kahamia hapo mpaka kufa. Sasa hizo wiki za kuelea ndo zenye mambo. Kule California, miaka ya 1980, watafiti wa Monterey walionyesha upepo ukikaza unasukuma maji ya juu mbali na pwani na watoto wanabebwa humohumo, ukilegea maji yanarudi na watoto wanamwagika mwambani kwa mkupuo. Upepo usipolegea kwa wakati mwamba unabaki mtupu, na wakubwa wamezaa vizuri tu! Na kutua sio kupona, wakitua halafu maji yakatoka jua likawaka wengi wanakauka.

Ila anayenikosha mimi ni Alan Southward, Mwingereza, yule alihesabu hivi vidudu karibu na Plymouth, mji wa pwani huko Uingereza, tangu miaka ya 1950, zaidi ya miaka 40, pwani ileile. Huko kuna wanaopenda baridi na wanaopenda joto. Ikaja ile baridi kali ya 1962 kuingia 1963, wa joto wakapungua wa baridi wakatamba, miaka ikapita, bahari ikapata joto, wa joto wakarudi juu tena. Angehesabu mwaka 1 tu, tuseme 1964, akafunga daftari, si angetangaza wa joto ndo basi?

Sisemi bahari yetu haina shida, uchafu tunauona wenyewe. Nachomuomba ndugu yangu achague kipande kimoja cha mwamba, ashuke hapo siku ya bamvua maji yakitoka kabisa, akipige picha, na mwakani msimu uleule arudi palepale, sio pembeni yake. Akinionyesha miaka 5 mfululizo hakuna kitu hapo tutakaa tuongee. Na kila picha aandike tarehe nyuma, watu huwa wanasahau tarehe.

Msomaji wenu,
Tanga