Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakulima wa Mwani, Kizingitini

Asalaam aleikum. Kina mama, wazee wetu na ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumevuna mara 5, tumepanda miche 1,200 ya mkoko na mchu, tumesafisha ufuo mara 2, na wanafunzi walitutembelea mwezi wa Juni. Fedha: tulianza na sh. 21,450, ada ziliingia 27,300, mwani mkavu kilo 1,140 ulitupa 34,200. Zilizotumika ni 60,550: mbegu (yaani vipande vya mwani vya kupandia) 26,500, kamba na taitai (nyuzi za kufungia mwani) 18,300, miche 6,000, mikutano na mengineyo 9,750. Salio ni 22,400.

Sasa nije kwenye lile lililosemwa barazani mwaka mzima, kwamba mwenyekiti aling'oa kamba 62 za kotonii, aina ya mwani, mwezi wa Januari bila idhini ya mkutano. Mkutano niliuitisha, tena mara 2. Akidi yetu ni watu 24. Mara ya kwanza walikuja 14, mara ya pili 11. Wakati huo maji ya kipwa yalikuwa ya moto, matawi yameanza kuwa meupe na kukatika. Ningengoja akidi hadi lini?

Wako waliosema tungekata vipande vilivyobaki vizima tufunge upya. Hapa ndipo nataka tuelewane, maana neno "mbegu" linatupotosha. Mwani hauna mbegu, hauna ua, hauna mzizi. Wenye maua ni nyasi za bahari, zinazochanua chini ya maji na chavua yake ikachukuliwa na mkondo. Mkoko nao huotesha mche ungali juu ya mti, kisha ukaanguka na kujichoma topeni. Mwani mwekundu ukiachiwa wenyewe huzaa kwa spora zisizoonekana kwa macho. Chembe yake ya kiume haina mkia, haiogelei, hupelekwa na maji, na mzunguko hautimii mpaka upite hatua 3 za maisha. Sisi shambani hayo hatuyangoji. Tunakata kipande, tunafunga, kinakua. Kwa hiyo kila tawi ni mwili uleule wa mama yake. Mama akiwa dhaifu, udhaifu tumeufunga kwenye kamba zote.

Wengine walilaumu ukungu wa vigingi vya mkandaa (mti wa jamii ya mikoko) tunavyofungia kamba. Kuvu wa kwenye mti uliokufa kazi yake ni kuozesha mti. Wao husaidia magogo na majani ya mikoko kugeuka chakula cha viumbe wa majini. Mwani wetu ulichoshwa na joto kwanza, bakteria wakapata mlango.

Nilikwenda Kwale mwenyewe, nauli ya mfukoni mwangu, nikarudi na magunia 5 ya spinosamu, aina nyingine ya mwani, nikiyamwagia maji ya bahari njia nzima hadi Mokowe. Nayo ni vipande, lakini vya mwani wenye afya. Kotonii ina bei nzuri zaidi, sikatai, spinosamu inastahimili. Kati ya kamba 62 tulizofunga upya, 55 zilivunwa baada ya wiki 6. Nakiri kosa moja: mweka hazina nilimjulisha nikiwa tayari njiani.

Kuhusu ada, inaniuma. Tuko 47, kila mmoja sh. 100 kwa mwezi. Waliomaliza ni 19 tu, na deni limefika sh. 29,100. Wengi wa hao 19 ni kina mama wanaoingia majini kila bamvua, watoto wamewaacha kwa majirani. Waliopiga kelele zaidi juu ya kamba 62, daftari la mahudhurio haliwajui.

Mwakani, Inshallah, tunatumai kupata banda la kukaushia, na pengine mtaalamu wa kutufundisha kuchagua mbegu. Tutaangalia pia kama kotonii inaweza kurudishwa kwenye maji yenye kina zaidi, pale mkondo unapopita.

Daftari la ada liko mezani kwa mweka hazina hadi alasiri.

Wasalaam,
Mwenyekiti