Kerneli yako iko njiani

Mwanjelwa, Mbeya
5 Julai 2025

Mwalimu,

Kamwene! Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Asubuhi vidole havikubali kugusa kibodi mpaka chai ipite. Natumaini Iringa mko salama na vijana wa chumba cha kompyuta hawajakuzeesha.

Kerneli ya Linux uliyoniagiza, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, iko tayari. Nimeikompaili (kuigeuza kutoka maandishi ya programu kuwa kitu mashine inachokiendesha) huku kwa sababu zile kompyuta zenu kuukuu za Core 2 Duo zingeshinda na kukesha na kazi hiyo, na umeme wenyewe unaujua. Lakini nikwambie ukweli: usitegemee zitakimbia kama zimetoka dukani. Lundo la moduli, vile vipande kama draiva vinavyoongezwa kwenye kerneli, limepungua, kasi utaikuta ileile. Ila kama nia ni wanafunzi waandike uname -r, amri ya kuuliza toleo la kerneli, wasome 6.12.20-iringa, wajue kwamba hiki kitu kinatengenezwa na watu, hapo niko nawe.

Sasa sikiliza, maana vijana wengi wanachukua faili moja tu ya bzImage, yaani kerneli yenyewe, wanaitupia kwenye /boot, folda ya kuwashia, ya mashine nyingine, halafu wanashangaa kioo kinaandika "Kernel panic". Kerneli haisafiri peke yake. Ina moduli zake ndani ya /lib/modules, kwenye folda yenye jina la toleo hilohilo, herufi kwa herufi. Ina initramfs, inayobeba draiva za kuifikia diski kabla mfumo wenyewe haujaamka. Na GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, lazima ijulishwe kuna mgeni. Moduli zinabebeka, lakini initramfs na orodha ya GRUB acha mashine inayopokea ijitengenezee, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoijua diski yake na UUID, namba ya utambulisho ya diski hiyo. Nikikutumia grub.cfg yangu, yaani orodha hiyo, kompyuta yako itakaa Iringa ikitafuta diski iliyoko Mwanjelwa.

Kwa hiyo nimefungasha kwa amri ya make bindeb-pkg, inayotoa vifurushi vya .deb. Kwenye zile mashine zako za Debian (aina mojawapo ya Linux), ingia kwenye folda ya fleshi uandike:

sudo dpkg -i linux-image-6.12.20-iringa*.deb

Basi. Kifurushi kinaweka kerneli na moduli mahali pake, kisha chenyewe kinaita update-initramfs na update-grub. Kile cha linux-headers weka pale tu utakapotaka kukompaili draiva ya nje. Taarifa za kutafutia hitilafu nimezizima, la sivyo mzigo ungevimba bila faida. Kabla ya yote endesha sha256sum -c kwa ile faili ya hesabu niliyoiweka pembeni, ihakikishe mafaili hayajaharibika njiani. Fleshi za siku hizi siziamini.

Najua ulinung'unika nilipokusumbua uchomeke kila kitu, yaani projekta, printa, kipanya na ile wifi ya USB, ndipo unitumie majibu ya lsmod, amri inayoorodhesha moduli zinazotumika. Sababu ni hii. Amri ya localmodconfig inapunguza kerneli kwa kuangalia moduli zinazotumika saa hiyo, na usipoielekeza inaangalia mashine unayokompailia. Yangu ina diski ya NVMe, zenu ni SATA zinazotaka draiva ya ahci. Ningeiacha ijiangalizie hapa, ungepokea kerneli safi kabisa isiyoiona diski hata moja ya shule. Nimeunganisha lsmod za mashine zako zote kuwa faili moja, nikaanza na ile config (faili ya mipangilio ya kerneli) uliyoitoa kwenye /boot yenu, nikaielekeza amri kwenye faili hiyo ya lsmod kwa LSMOD=. Kitu ambacho hakikuchomekwa siku ile hakimo. Ukinunua skana kesho ikagoma, usimlaumu muuzaji. Upande wa prosesa nimechagua Generic-x86-64, isibague mashine.

Ile kuukuu ya pale kwenye kona ichunguze kwa lscpu kwanza. Kama majibu hayataji 64-bit, iache ipumzike, hii haitaiingia.

Ya ofisini kwako yenye Fedora, Linux ya aina nyingine, ni habari nyingine, nayo nimeiwekea tar, faili moja iliyofungasha folda zote, iliyotoka kwa make targz-pkg. Tafadhali sana, usiifungulie kwenye mzizi wa mfumo! Siku hizi /lib ni kiungo tu kinachoelekea /usr/lib, na tar inaweza kukifuta kiungo hicho ikaweka folda mpya yenye moduli peke yake. Baada ya hapo hata ls haifanyi kazi. Ifungulie ndani ya /tmp, kisha nakili folda ya 6.12.20-iringa tu uipeleke /lib/modules, na faili ya vmlinuz uipeleke /boot. Maliza kwa depmod, inayoorodhesha moduli, kisha kernel-install add 6.12.20-iringa pamoja na njia ya ile vmlinuz; yenyewe inaita dracut itengeneze initramfs na kuiingiza kerneli kwenye menyu ya GRUB. Secure Boot, ulinzi unaokubali kerneli zilizosainiwa tu, nayo itaikataa kwa kuwa haina sahihi inayoitambua, kwa hiyo izime kwenye BIOS kabla hujaanza.

Kerneli za zamani usifute hata moja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mpya ikigoma, zima, washa, ingia "Advanced options" kwenye GRUB, uchague ya zamani, na kipindi kinaendelea. Anza na mashine moja, tena isiwe ile yenye matokeo ya mtihani.

Fleshi nimeipa basi la asubuhi kutoka stendi ya Nane Nane, ndani ya mfuko wa mchele wa Kyela, kwa hiyo mama watoto asiumimine sufuriani kabla hujapekua. Namba ya kondakta nimekutumia kwa meseji. Ile ya kwanza ikiwaka, nipigie picha ya uname -r. Ikikwama, nipigie picha ya mistari yote iliyo kwenye kioo, usiniandikie tu "imegoma".

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi,
fundi wako wa Mwanjelwa